Milia ya Nanuli

Kule Telavi Nanuli alipika plamu chachu
kwa kitunguu saumu na giligilani.
Meneja wa duka kubwa alionja, akalamba kidole,
kisha akageuza chupa:
"Mama, mbona haina milia?"

Binamu Badri alijua njia ya mkato.
Alimuuzia namba za mtumba, lari ishirini.
Siku za mwizi arobaini; za Badri zilitosha mbili.
Mashine ililia pii, kioo kikaandika:
shampuu ya mbwa.
Foleni nzima ikacheka. Nanuli pia,
ila masikio yalimwiva.

Basi akapanda basi hadi Tbilisi,
akajaza fomu, akalipa ada, akapewa
tarakimu kumi na tatu zisizo za mwingine.
Ya mwisho, karani alimweleza, ni mnyapara:
huzaliwa na hesabu ya zile kumi na mbili,
moja ikikosewa, mashine hugoma.
Na weupe nao husomwa, mama,
si wino peke yake.

Hilo ndilo lililomkaa.
Usiku, akibandika lebo, alipitisha ukucha
mweusi, mweupe, mweusi,
kama anayehesabu mbavu za mtoto aliyepona.

Chupa moja hakuibandika.
Aliifungua, akakata mkate.