Diodi Iliyochoma Harusi

Juzi nukta ilivuka barabara ikatua kwenye ukuta wa kanisa,
nyekundu, kali, ndogo kama punje ya ulezi.
Leo haifiki hata mlangoni.
Inatapakaa kwenye saruji
kama uji uliomwagwa na mtoto.

Anyandwile mwashi amepiga simu mara tatu.
Ana msingi kule Isyesye na kamba yake inapepea,
maana upepo wa Julai hauna adabu kwa kamba.
"Ile tochi yako ya mstari, fundi, imefikia wapi?"
Nikamwambia ipo chaji.
Uongo. Ipo mezani, imepasuliwa kifua.

Naanza na betri, kwa kuwa betri husingiziwa kwanza.
Volti nne nukta moja. Haina kosa.
Springi ina kutu kidogo, naisugua kwa msasa.
Swichi inaitika *ta*, inapitisha.
Gwamaka, mwanagenzi wangu, anasema ni lenzi,
imekula vumbi la Mwanjelwa.
Naifuta kwa pamba na spiriti.
Vumbi lipo kweli, pamba imegeuka kahawia,
lakini vumbi halijawahi kumsahaulisha mtu njia.

Basi namtoa diodi.
Naona nimeshasema *namtoa*.
Iwe hivyo.

Mahali pake naweka diodi nne za kawaida, zile za redio,
na risista ya omu moja, nasoma mita:
milivolti mia mbili na kumi, hazipandi, hazishuki.
Saketi haina hatia.
Mkondo unafika kamili, tena kwa wakati,
kuliko mshahara wowote niliowahi kulipwa.

Anabaki yeye.

Nilimng'oa kwenye mashine ya Mwasomola,
yule wa kibanda cha video kilichofungwa karibu na Kabwe.
Miaka minane alichoma harusi.
Alichoma vipaimara, mahafali,
mazishi ya bibi mmoja wa Tukuyu kwa diski mbili,
bibi harusi analia, analishwa keki, analia tena.
Mchomaji mzoefu. Mia mbili na kumi kwake ni mteremko.
Nani kamjeruhi?

Navaa miwani, namwasha tena,
natazama ukuta, simtazami yeye.
Anawaka.
Hilo ndilo linalouma: anawaka.
Ila mwanga wake hauna tena mshikamano,
kila chembe inakwenda kwao
kama watu baada ya matanga.

Ndipo nikaikumbuka Jumanne.
Baridi ya kukata masikio, upepo mkavu unashuka Loleza
(mlima wenye leza ndani ya jina, Gwamaka hachoki kulichekea hilo).
Kufika saa sita jua likachomoza, nikavua sweta,
la nailoni, la mtumba, likalia *tatata* kichwani,
nywele zikasimama,
na mkono uleule ukaenda kumshika mguu.
Cheche moja. Hata sikuihisi.
Tukaendelea na chai.

Kumbe hakuungua siku ile. Alichanjwa.
Siku nne akafanya kazi na kidonda,
akinyoosha kuta za nyumba ya mtu mwingine,
na mimi nikimsifu.

Simwambii Gwamaka.
Kisha namwambia.
Anacheka, halafu analitazama sweta lake.

Chini ya meza ipo mashine ya pili ya Mwasomola.
Nafunga waya wa shaba kwenye kifundo cha mkono,
naukokota hadi kwenye nondo iliyozama ardhini,
sweta nimelitundika nje, mbali, kwa muuza mkaa.
Nimebaki na fulana, Julai, Mbeya,
meno yanagongana,
na ncha ya moto inatafuta mguu
mwembamba kama sindano ya kushonea kofia.

Simu inaita. Anyandwile.
"Pokea wewe," namwambia Gwamaka,
"mimi nimefungwa."