Kuti la Tano

Nina kitambulisho shingoni,
na vituo sita kichwani:
nguzo ya Mreno, kanisa dogo la makuti,
nyumba ya nyoka, mashua ya sakafu ya kioo,
duka la vinyago, ambapo nalipwa kwa kila kichwa kiingiacho,
na aiskrimu, maana Malindi hata barafu ina lafudhi ya Kiitaliano.
Nimevisema hadi mdomo unakwenda wenyewe,
kama mlango usio na komeo.

Alhamisi likaja basi la wauguzi wastaafu kutoka Meru.
Saa nne wateremke, saa tisa waondoke.
Kofia mpya, raba nyeupe, simu juu.
Mmoja akabaki nyuma, Bi Kathambi,
akiitazama nguzo kama mgonjwa asiyeumwa.
"Nzaro," akasoma kifuani pangu,
"wewe huja hapa siku yako ya mapumziko?"
Nikacheka. Yeye hakucheka.
"Basi nipeleke unakokwenda."

Mimi mzaliwa wa hapa. Nilisimama juani
nikiupekua mji wangu kama mtu atafutaye ufunguo mfukoni,
na kila nilichogusa kilikwisha kupewa bei:
mapambazuko nimeyauza, upepo nimeuuza,
jina la babu nimeliuza penye magofu, na uongo kidogo juu yake.
Kilichobaki ni deni.
Shangazi Nyevu alikuwa ananidai kilo nne za unga.
Nikasema, twende tukalipe.

Tuktuk ikatupeleka nyuma ya Maweni,
kule dereva aliniuliza mara mbili kama nina hakika.
Ua. Rundo la majani ya mnazi hadi kiunoni.
Wanawake wanne, redio isiyo na mgongo
ikisoma matangazo ya vifo.
Hakuna aliyesema jambo.
Hakuna aliyeinuka.
Nyevu alisogeza kigoda kwa mguu, basi,
na macho yake yakarudi kazini:
jani hukunjwa juu ya ufito,
hushonwa kwa ukambaa, likaja jingine, likalala juu ya mwenzake.
Mapaa ya hoteli zote zile za ufukweni
huanzia hapa, kwenye mapaja ya watu.

Kathambi akaomba. Akapewa ufito.
La kwanza Nyevu akalifumua bila neno.
La pili akalifumua.
"Nimeshona watu miaka thelathini na moja," mgeni akateta,
"vichwa, matumbo, mama waliochanika."
"Mtu hushonwa akapona," Nyevu akasema. "Paa haliponi."

Hapo ndipo nilipomwona akicheka,
kicheko cha wodini, cha zamu ya usiku,
hadi miwani ikamtoka.

La tatu lilikuwa na mwanya. La nne, tuseme la kuku.
La tano Nyevu aliligeuza, akalivuta, akalinusa hata,
kisha akalitupa kwenye rundo lililohesabiwa,
akafungua fundo la leso,
akamlipa. Shilingi kumi.
Niliona aibu, nikanyanyua mkono kuzuia.
"Kaa," shangazi akasema. "Kwangu hafanyi mtu bure."

Saa nane na nusu tukawakuta wenzake
wamebeba twiga wa mbao, mmoja amevunjika sikio.
Kathambi hakuwa na mzigo.
Alikuwa amekunja ngumi,
na hakuifungua hata kupunga mkono dirishani.

Jumatatu meneja akapiga simu.
"Kuna mama anasifu mahali, hataki kusema wapi.
Tukifanye kituo cha saba. Watu ishirini ishirini,
chai juu yetu, wale akina mama wavae sare."
Nikasema, "Pancha."
"Saa tatu nzima?"
"Gurudumu lilikuwa bovu, bosi. Tulikaa tu kivulini."

Siku hizi nikiingiza wageni mapokezi ya hoteli
nainua macho, natafuta uzi ulioshonwa kihospitali,
mishono mifupi, imebanwa kama midomo.
Sijauona. Makuti ni mengi.

Na ule unga, kwa kweli,
nilirudi nao deni lilelile mfukoni.
Nitakwenda Jumapili.