Uzi kwenye Sita na Nusu

Saa mbili usiku, wodi ya wanaume, Newala.
Ukungu umeingia bila hodi,
umekaa ukingoni mwa vitanda kama ndugu wa mgonjwa.
Nimekuja na faili, tochi na futi ya kushonea
iliyochakaa hata moja na mbili zimefutika.

"Naitwa Somoe. Mimi ndiye nitakayekulaza kesho."
Fundi Nandonde anacheka: "Mke wangu asisikie."
Kisha anaiona futi. Kicheko kinakatika.
"Hiyo imevutika, mwanangu. Inadanganya.
Chukua yangu, iko chini ya mto."

Nani huenda kutolewa mawe ya nyongo
na futi chini ya mto?
Alinipima bega nikiwa darasa la tano,
pini mdomoni, akihesabu kwa Kimakonde,
akinigeuza kama nguo tupu.
Leo namgeuza mimi.

Kaa wima, Fundi. Fumbua kinywa. Toa ulimi. Usiseme aa.
Tochi inaingia kutafuta kimio.
Hakipo. Kuna ulimi tu, umejaza nyumba,
na nyuma yake giza.
Vidole vitatu kati ya meno ya juu na ya chini:
viwili vinapita, cha tatu kinabaki mlangoni.

Sasa tazama dari.
Kutoka kikoromeo hadi ncha ya kidevu
kitabu kinataka sita na nusu.
Kidevu chake kimejificha ndani ya ndevu
alizofuga tangu aozeshe binti wa kwanza.
Nakitafuta kwa kidole.
Tano na nusu.
Napima tena. Tano na nusu.

"Shingo usihangaike," anasema. "Arobaini na nne.
Kola naiongeza kidole kimoja, cha kupumulia."
Nahangaika. Arobaini na nne.

Cha kupumulia.
Sikumwambia kwamba mshahara wangu wote
ni kidole hicho.

Kitabu nilichosomea hakina ukurasa wa ndonya.
Mwaka wangu wa kwanza waliniletea bibi wa Kitangari,
mdomo wa juu bado una tundu la usichana wake.
Nikambana barakoa, hewa ikatorokea palepale.
Nikaziba kwa shashi na kidole gumba,
jasho linanitiririka katika baridi hii.
Alipozinduka aliuliza ni nani kamshika mdomo.

Na yule wa Mnyambe, mwenye ndevu, ambaye sikumpima.
Huyo simsimulii.
Tangu siku ile natembea na futi.

"Mbona kimya?"
Naandika, Fundi.
Kimio hakionekani. Vidole viwili. Tano na nusu. Arobaini na nne.
Chini yake, kwa wino mwekundu:
mpira namba saba, na mdogo wake.
Waya wa kuongozea. Shuka likunjwe chini ya mabega.
Daktari Chinduli awepo, asije na haraka.
Kisu cha shingo kiwe mezani.
Hilo la mwisho sikutaka kuliandika.

"Kitambaa kigumu?"
"Kifupi. Lakini vazi litatoka."
Fundi humjua fundi mwenzake anapopunguza neno.
Haniulizi zaidi. Anaikunjua futi magotini,
anachomoa sindano kwenye ukingo wa kofia,
na uzi mwekundu, ambao anaufunga fundo
juu ya sita na nusu, kisha anaukata kwa meno
(natazama meno, ndiyo kazi yangu: la mbele linacheza,
naongeza kwenye faili).
"Umeme ukikatika," anasema, "kidole kitaona."

Kuanzia saa sita usile. Usinywe.
"Hata maji?"
Hata maji.
"Basi hilo halina ugeni. Sisi ni wa Newala."

Kwenye korido taa moja tu inawaka, nayo inasitasita.
Naegemea ukuta, natazama juu,
najipima mwenyewe, mtu asiyepasuliwa kesho.
Kidole kinaufikia uzi.
Kinaupita, kidogo sana.