Jiwe la Gurudumu

Kazi yangu ni jiwe.
Lori likisimama mlimani naruka kabla halijatulia,
nalisukuma chini ya tairi kwa mguu,
kisha napiga kofi mlangoni: Masinde, sasa lala.

Jeusi, la Mau, ukubwa wa kichwa cha mtoto.
Limefika Busia, limerudi.
Hakuna aliyewahi kuliandikia risiti.

Mwaka jana palikuwa na kibanda pale juu, kabla ya mteremko wa Sachangwan.
Bi. Nyaboke na tochi yake, na kitabu cha jalada la kijani:
umelala wapi, umeamka saa ngapi,
kanyaga breki, kanyaga tena.
Tulimtukana. Mimi nilimtukana zaidi,
kwa sababu uji wangu ulikuwa unapoa Salgaa.
Siku moja aliinama chini ya trela, akatoka
na unga wa chuma kidoleni,
akatuonyesha bila kusema neno.
Tulikaa siku mbili tukingoja breki mpya kutoka Nakuru,
tajiri akifoka kwenye simu.

Sasa kibanda kina kufuli.
Redioni walisema wanawapunguzia wafanyabiashara mzigo.
Nilicheka mpaka Masinde akageuka.
Mzigo upi?
Jana tani ishirini na nane, leo thelathini na tatu,
magunia yamebenua turubai,
na tajiri anauliza: sheria imeondoka, nyinyi mnangoja nini?

Masinde hajalala tangu Malaba.
Anatafuna miraa kama mtu anayehesabu madeni.
Namsimulia habari za shangazi, za ng'ombe aliyekula shuka, za chochote,
mradi asinyamaze.

Tunateremka.
Kushoto mama wa viazi amepanga debe zake.
Watoto wa shule wanavuka wameshikana mikono,
mdogo wao kiatu kimefunguka kamba.
Hawajui kwamba kitabu cha kijani kilikuwa chao.

Harufu inaingia, ile ya raba na chuma.
Masinde anakanyaga.
Anakanyaga tena.
Breki zinaitika kwa kuchelewa,
kama mtu aliyeitwa mara ya tatu.

Chini kabisa tunasimama. Naruka na jiwe,
mikono yanitetemeka, nalikosesha tairi, nalirudisha.
Kisha natazama juu.
Lori jingine linakuja,
na jingine nyuma yake, taa zikiwaka mchana,
na nyuma yake jingine.

Mimi nina jiwe moja.