Toa Mbili za Maji

Kabla sijawa mtu wa kuigiza nilikuwa karani wa mizani,
kibanda namba saba, chini kidogo ya Katumba,
mvua ya Tukuyu ikipiga bati mpaka tunasemezana kwa vidole.
Kinamama walishusha matenga ya majani mabichi,
wakarudi nyuma hatua moja,
wakanitazama usoni.
Mshale hawakuutazama.
Mshale ulisema thelathini na moja
na mimi nilitakiwa kusema ishirini na tisa:
toa mbili za maji.
Hata kiangazi, vumbi limelala juu ya majani,
toa mbili za maji.

Chuo changu cha sanaa kilikuwa hapo.
Nilijifunza kutuliza nyusi.
Nilijifunza kwamba uongo haukimbizwi,
unausubiri mshale uache kutetemeka,
kisha unauweka mezani polepole, kama chai ya mgeni.
Bi Tusekile, mjane wa Mwaisumo, hakuwahi kubisha.
Alisema tu "Ndaga", akajifunga kanga upya,
na ile ndaga yake
nimeitafuta miaka ishirini kila niliposimama mbele za watu,
sijaipata.

Baadaye, mambo ya kawaida.
Kikundi cha kanisa: nikawa Pilato Pasaka nne mfululizo,
wakasema nanawa mikono kama niliyezaliwa na beseni.
Kisha redio, Mbeya mjini, nikawa sauti isiyo na mwili;
mvua yangu ilikuwa punje za mchele wa Kyela juu ya ungo.
Kisha Dar, chumba Sinza, feni inayozungusha joto lilelile,
na yule Shemeji Bandua,
aliyekuja kusalimia akakaa misimu sita.
Watu walininunulia soda, wakanitukana kwa upendo.
Hadi siku ile mwongozaji, kijana wa miwani ya jua ndani ya nyumba,
akaniambia, "Mzee, msimu ujao unakufa."
Nikauliza nakufa na nini.
Akaangalia simu.
"Tutaona."

Sikungoja kuona. Nilipanda basi,
sweta nikalitoa begini tulipofika Mafinga,
na kabla ya Uyole pua ilishanijulisha niko kwetu:
moshi wa kuni mbichi, udongo mweusi, viazi.

Sasa nina robo tatu ya eka ya chai ya mama
na ng'ombe aitwaye Riziki, asiyetazama televisheni.
Alfajiri hunikanyaga mguu uleule.
Mama naye huita toka jikoni, "Ambilikile!"
Jina lenyewe maana yake ameniita,
basi naenda.
Wanafunzi wa sekondari wakija kuniuliza siri ya kuigiza
nawapa ndoo.
Riziki anaujua mkono unaojifanya.

Jumanne iliyopita nilishusha tenga langu kibanda kilekile.
Bati jipya. Mizani ya namba nyekundu,
hakuna tena mshale wa kusubiri.
Karani ni kijana, kidevu hakijaota kitu.
Ishirini na nne nukta sita.
Akainua macho, akanitambua.
"Ah, Shemeji! Wewe sikutoi maji."
Akacheka. Mstari mzima ukacheka.
Nyuma yangu alikuwa binti wa Tusekile, au mkwewe,
sikugeuka kuhakikisha,
nilisikia tu kanga ikifungwa upya.

Nilikuwa na sura za kutosha kwa dakika ile,
ya mcheshi, ya mkali, ya Pilato na maji yake.
Nikazitafuta, vidole vyangu vyeusi kwa utomvu wa chai,
haikuja hata moja.
Nikasema kwa sauti ambayo haijawahi kulipwa,
ikatoka imekwaruza:
"Nilikaa hapo ulipokaa.
Hayakuwa maji."

Kijana akatazama namba.
Namba zikaendelea kuwaka.
Mvua ikashika bati,
na nyuma yangu, kwa mara ya kwanza,
hakuna aliyesema ndaga.