Ratili Kumi na Moja

Bi Ardis Tveit aliingia na theluji mabegani,
akavua glavu moja tu, ya kulia,
akaulaza mkono mezani
kama mtu aliyeleta saa mbovu.
"Orrin," akasema, "tatizo ni hili."

Vifundo vimevimba, baridi yabisi.
Kidole cha shahada kimepinda kuelekea dirishani,
ambako upepo wa Montana
ulikuwa ukilisukuma lori tupu.

Kila Alhamisi hulenga makopo na wenzake watatu
nyuma ya ghala la ngano la Gunderson.
Risasi ndogo, ishirini na mbili, bei ya karanga.
Anataka bastola ya silinda,
ya kuvuta tu, nyundo ijiinue na ijiangushe,
kwa kuwa dole gumba lake
lilistaafu kabla yake.

Nikatandika kitambaa, nikapanga tatu.
Ya kwanza mpya, chuma kisichoshika kutu, matundu kumi,
inang'aa kama sufuria ya harusi.
"Hii inataka mtu wa kuibeba
na mwingine wa kulenga."
Ya pili nyepesi. Akavuta,
ikakwaruza kama droo ya kabati lililolowa.
Ya tatu ilikuwa ya marehemu fulani, sikumtaja:
matundu sita, mpini wa mti wa jozi,
rangi imefutika pale palipokaa mkono.

Nikatia maganda matupu kwanza,
maana baruti ya kuwashia risasi hizi imo ukingoni,
na nyundo ikipiga tundu lisilo na kitu
chuma hula chuma.
Akavuta. Akafumba macho. Akavuta tena.
"Nzito," akasema. "Lakini mkono umekubali."

Kipimo changu kilisoma ratili kumi na nne.

Usiku nikafungua bamba la ubavuni.
Mafuta ya miaka arobaini yameganda kama asali ya zamani,
na chini yake mikwaruzo ya tupa
ya mfanyakazi aliyekuwa na haraka ya kwenda nyumbani.
Hapo nikafanya kosa la fundi mwenye huruma:
nikatoa springi, nikatia laini.
Ratili nane! Kisu kwenye siagi.
Nikajisifu peke yangu, kwa sauti.

Alhamisi.
Pa. Pa. Tik.
Pa. Tik. Tik.
Wenzake wakatazama viatu vyao.
Nikaziokota zilizogoma:
ukingoni alama hafifu, ukucha kwenye sabuni.
Nyundo ilifika mlangoni,
ikabisha hodi kwa adabu mno.

"Umenionea huruma," akasema Bi Ardis.
Hakukasirika. Heri angekasirika.
"Sikukuomba iwe rahisi.
Nilitaka isinikwaruze."

Nikarudisha springi ya zamani.
Jiwe jeupe, tone la mafuta,
pitisha, futa, tazama kwa lenzi, acha.
Kuacha ndiko kugumu.
Ile kona ndogo inayoishika nyundo sikuigusa;
anayeichezea hiyo humfungia mwenziwe ajali
kwenye karatasi ya zawadi.
Usiku tatu. Redio ikisoma bei ya ngano,
ikishuka, ikishuka.
Mwisho kipimo kikatua kwenye kumi na moja
kikakataa kuteremka,
nami sikukibembeleza.

Sita kwa sita zililia.
Makopo yaliyoanguka, mawili.
"Hayo mengine ni makosa yangu,"
akasema, akiyahesabu yaliyosimama,
na nikaona anafurahi
kuwa tena na makosa yake mwenyewe.

Alilipa noti, na chupa ya jemu iliyoganda kwa baridi.
Ile springi laini ningali nayo,
kwenye kopo la kahawa, pamoja na skrubu zisizo na kwao.
Siku nyingine naitoa, naiminya kwa vidole viwili.
Inakubali kila kitu.