Kitufe cha Kutuliza

Darubini si yangu. Ni ya mradi,
imepigwa nambari kwa rangi nyeupe chini ya tumbo.
Nimeitilia sahihi mara mbili, na bei yake
niliisoma, nikaifunika kwa kidole.

Nyumba ya Bi Thureya, Tudor, ghorofa ya nne, juu darini.
Kila lori la kokoto lipitapo, tangi la maji hutetemeka
na mimi nalo.
Naelekeza ng'ambo, matopeni, upande wa Mikindani.
Kwanza ni vurugu: mikoko yacheza,
sululu mmoja ni sululu watatu.
Kisha nabonyeza kitufe.

Utulivu ule sijauzoea.
Kama mtoto aliyekuwa akilia, ghafla amepata titi.
Fundi aliyenifunza alisema ndani mna kioo kinachopinga mkono:
mkono ukienda kushoto, chenyewe chaenda kulia.
"Kama mke wangu," akasema, akacheka peke yake.

Sululu kumi na wanane.
Vitwitwi huhesabiwa kwa mafungu,
kumi, kumi, kumi, kama machungwa ya kuuza.
Yangeyange wanne; mmoja ana pete mguuni,
herufi siziwezi, rangi naiweza: njano.

Siku hiyo ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mbali.
Watu walishuka kuchimba chambo.
Fomu yasema: Binadamu, weka alama tu,
usiandike wanachofanya.
Nikaweka alama moja. Ya pili. Ya tatu

huyu wa tatu akafuta jasho kwa kiwiko,
kwa ndani ya kiwiko, kama mtu akingaye kofi.
Katika watu wote wa dunia
nawajua wawili wanaojifuta vile.
Mmoja tulimzika Kikowani.
Mwingine yuko Doha.

Yuko Doha mwaka wa tatu, aendesha gari la maziwa.
Hupiga kwa mtandao, Ijumaa, baada ya swala.
Mama huiweka simu juu ya mto, huinamia:
"Famau, wala?"
"Nala, mama. Joto tu la huku."

Mkono wangu ukaanza.
Nilisikia mkanda wa darubini ukigonga kifungo cha buibui,
tk, tk, tk,
lakini picha haikutikisika.
Kaka yangu alisimama katikati ya duara
ametulia kama stampu,
matope hadi magotini, ndoo ya samawati,
mguu wa kushoto ukichelewa kidogo,
ule aliouvunja Makadara akinifuatia kishada.

Nilitaka itikisike.
Nilitaka kitu kimoja tu, humo ndani,
kiniunge mkono.

Akainua kichwa. Akatazama kwetu,
madirisha, dari, nguo kambani,
taratibu, kama atafutaye nyumba aijuayo.
Basi haikuwa mara ya kwanza.
Nami nikajificha nyuma ya tangi. Mimi!
Kana kwamba yeye ndiye mwenye darubini.

Nilipochungulia tena, betri zilikuwa zimekwisha.
Watu watatu wakawa sita,
wakawa mikoko.

Fomu niliijaza.
Sululu, kumi na wanane. Binadamu, watatu.
Sikuandika wanachofanya.

Ijumaa simu ililia mama yuko jikoni, nikaishika mimi.
"Huku joto," akasema.
Nikamuuliza kama ndege wapo huko.
Akanyamaza, na nyuma ya kunyamaza kwake nikasikia,
wazi, bila ya kitufe,
sululu akipiga mluzi wake, mara saba, kama wapigavyo.
"Wapo," akasema.

Mama akaja akijipangusa unga.
Nikampa simu kwa mikono miwili,
kama bakuli lililojaa maji.